Majibu kwa wanaobeza ruzuku ya kaya maskini

Singida ni mkoa wa biashara. Msimu wa mavuno magunia ya vitunguu hupangwa kando ya barabara kuu, matenga ya kuku wa kienyeji hupakiwa kwenye mabasi ya Dar es Salaam, na alizeti ya Iramba, Mkalama na Ikungi huingia kwenye mashine za kukamua za watu binafsi, kubwa na ndogo. Hakuna anayehitaji kumfundisha Mnyaturu au Mnyiramba maana ya faida na hasara. Katika vijiji hivyo hivyo zipo kaya zinazopokea ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Mpango huo ulizinduliwa Dodoma Agosti 2012, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Soko na ruzuku vinaishi kijiji kimoja, na watu wengi wenye uwezo wao hawapendi kuviona pamoja. Maneno yao nimeyasikia kwenye mabasi, misibani, harusini na katika mijadala ya bajeti. Wengine huyasema kwa nia njema kabisa, ndiyo maana yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Linalotangulia siku zote ni hili: ruzuku inazalisha wavivu.

Tuanze na hesabu. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima. Ukiongeza sehemu ya watoto wa kliniki na wa shule, kaya ilifikia kikomo cha shilingi 38,000. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Maana yake ni kwamba kaya ya watu sita iliyopata kiwango cha juu kabisa ilipata pesa isiyofikia mahitaji ya mtu mmoja kati yao. Sijui ni nani angeacha jembe kwa kiasi hicho. Juu ya hapo mpango ulikuwa na ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti, kwa shilingi 2,300 kwa siku na siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Mama aliyebeba udongo wa lambo siku zote 60 aliondoka na shilingi 138,000 kwa mwaka mzima. Kumwita mvivu ni kumkosea adabu.

Jambo zito zaidi ni lile ambalo ruzuku hulifanya kwenye kazi yenyewe. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ghala la kaya maskini huisha katikati ya msimu huo, Januari na Februari. Wakati huo shamba linadai palizi. Mwenye ghala tupu huliacha shamba lake likimezwa na magugu, akaenda kupalilia la mwenzake kwa ujira wa debe la uwele, kwa sababu watoto wanakula leo. Shamba lake likivuna magunia mawili badala ya matano, mwaka unaofuata ghala linaisha mapema zaidi. Wengine huuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei anayoitaja mnunuzi, au hukubali vitunguu vyao vipimwe kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu hawana siku tatu za kusubiri mnunuzi mwingine. Mwenye njaa hapangi bei. Shilingi elfu chache zikifika Januari, mtu huyo anabaki kwenye shamba lake. Kazi haikupungua hapo. Imehamia mahali inapomlipa yeye mwenyewe. Anayeona kibarua wa bei chee amekosekana kijijini anaweza kuuita uvivu, lakini ukweli ni kwamba mtu mmoja amepata uwezo wa kukataa bei mbaya. Soko analosifia kila mpenda biashara linataka hilo hasa: muuzaji na mnunuzi ambao kila mmoja anaweza kusema hapana.

Kwamba pesa huishia kwenye pombe ni dai linalojibika haraka. Kabla ya mpango mkubwa, TASAF ilifanya majaribio Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, wilaya ya Dodoma ambayo kwa mvua na mazao haina tofauti kubwa na Manyoni ya Singida. Vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu, nusu vikapata ruzuku kuanzia 2010 na nusu vikasubiri. Watafiti waliporudi walikuta kaya zilizopata zikijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wakiugua siku chache zaidi na kuvaa viatu zaidi, na mifugo ikiongezeka. Mwaka 2014 wachumi David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini juu ya swali hili moja la pombe na sigara. Hawakuona matumizi hayo yakiongezeka kwa ujumla. Wanaopokea kwa niaba ya kaya zao wengi ni wanawake, na anayejua mama wa Singida anavyoipanga elfu kumi hakuhitaji kusubiri utafiti.

Kuna wanaohofia bei: pesa zikimwagwa kijijini, unga na sukari vitapanda na asiyepata ruzuku ataumia. Hofu hii ina mantiki, na ilipimwa kwa upana mkubwa jirani hapa Kenya, kaunti ya Siaya. Kaya zaidi ya 10,000 zilipewa kiasi kinachokaribia dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia bei, maduka na majirani katika vijiji zaidi ya 600. Bei zilipanda kwa kiwango kisichofika hata asilimia moja. Maduka yaliuza zaidi, na majirani ambao hawakupata chochote nao waliishi vizuri zaidi kwa sababu pesa ya jirani ilipita mikononi mwao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Ruzuku ya Singida ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo, kwa hiyo nguvu yake ya kupandisha bei ni ndogo zaidi.

Sasa lile linalotajwa kwa sauti ya kutisha: huu ni ujamaa unaorudi kwa mlango wa nyuma.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki, ikachukua viwanda vikuu vya kusaga nafaka na makampuni ya biashara ya nje, ikatwaa hisa kubwa kwenye mkonge. Baadaye watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Swali la ujamaa lilikuwa ni nani amiliki shamba, kiwanda na duka. Ruzuku ya kaya maskini haigusi swali hilo hata kidogo. Mashine ya kukamua alizeti inabaki ya mwenyewe, ng'ombe ni wa mfugaji, dalali anabaki dalali. Serikali inachukua sehemu ya mapato ya wote kwa njia ya kodi na kuweka sakafu ambayo mtu akianguka hatapita chini yake. Ulaya mfumo huu huitwa demokrasia ya kijamii, na umejengwa ndani ya ubepari. Hata sheria ya kwanza ya bima ya afya kwa wafanyakazi wa taifa zima, ya Ujerumani mwaka 1883, ililetwa na Bismarck, kiongozi aliyekuwa amevipiga marufuku vyama vya kisoshalisti nchini mwake miaka mitano tu kabla. Alielewa kwamba mfanyakazi anayeogopa kuugua hatautetea mfumo unaomtelekeza.

Niongeze jambo ambalo wakosoaji wa Mwalimu Nyerere hulipita kimya. Miaka ile iliacha zahanati, visima na shule vijijini, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 uliwafikisha darasani watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Uzalishaji ulioendeshwa na mashirika ya umma ulianguka, na hilo halina mjadala. Lakini kuanguka kwa duka la kijiji cha ujamaa hakuthibitishi kwamba zahanati ilikuwa kosa. Nchi iliweza kulifuta duka na kuijenga zahanati, na mwaka 2016 ilipofuta ada hadi kidato cha nne hakuna aliyedai viwanda vinataifishwa.

Dai la tano ndilo linalonikera kuliko mengine yote: serikali isiingilie, soko lijiendeshe.

Lini soko la Singida limejiendesha? Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ili mafuta ya mawese yasiiue alizeti yetu. Ushuru ulipolegezwa baadaye na bei ya alizeti ikaporomoka mwaka 2023, wakulima na wakamuaji walipiga kelele pamoja kwamba serikali iingilie. Singida iliwekwa pamoja na Dodoma na Simiyu kwenye mkakati wa alizeti, na mbegu za ruzuku zikagawiwa. Agosti 2022 ikaanza mbolea ya ruzuku, na bajeti ya mwaka huo ikaitengea shilingi bilioni 150. Mimi naunga mkono yote hayo. Ninachotaka ni uaminifu: ushuru unaomlinda mkamuaji hulipwa na kila mnunuzi wa lita ya mafuta, akiwemo bibi wa kijiji cha Munguli anayenunua ya kupima kwa kijiko dukani. Mlango wa hazina ukiwa wazi kwa mwenye kiwanda na mwenye ekari 50, usifungwe anapofika mwenye nusu ekari, kwa jina la soko huria.

Kuna ruzuku nyingine tusiyoiita ruzuku. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara wake kwenye mfuko wa PSSSF, na serikali humwongezea asilimia 15. Ni jambo jema, kila mwalimu na kila muuguzi anastahili uzee wenye staha. Lakini hiyo asilimia 15 inatoka hazina ile ile, na hazina hiyo hujazwa pia na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 anayolipa mkulima kwenye sabuni, ambaye hakuna mtu anayemwekea pensheni yoyote. Afisa mwenye pensheni anayekaa mezani na kusema mkulima asizoee kusaidiwa, anakula kwenye chungu anachokifunika mwenzake asikione.

Hapo hapo huja jibu la kukata tamaa: nchi yetu ni maskini, tukue kwanza ndipo tugawane, kama walivyofanya Waswidi.

Waswidi hawakufanya hivyo. Walipopitisha pensheni ya uzee kwa wananchi wote mwaka 1913 walikuwa bado nchi ambayo watu wake wanakimbia. Zaidi ya milioni moja walihamia Marekani kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1920, wengi wao wakulima wa mashamba madogo yenye mawe na wengine wakikumbuka njaa ya miaka ya 1867 hadi 1869. Utajiri mkubwa ulikuja baadaye, ukakuta hifadhi ya jamii imeshaanza. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe, bila kuuliza kama ana mashua au hana. Mwaka 2023 kiwango kilipanda hadi shilingi 50,000. Kenya nayo ilifungua malipo ya Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018.

Tupige hesabu ya bara. Shilingi 50,000 kwa mwezi ni 600,000 kwa mwaka. Wazee 100,000 wangegharimu shilingi bilioni 60. Zile bilioni 150 za mbolea za mwaka mmoja zingelipa pensheni ya wazee 250,000 kwa mwaka mzima. Sisemi mbolea ifutwe. Nasema kiasi kile ambacho tulikipata mara tu tulipoamua kwamba bei ya mbolea ni dharura, kinaonyesha kwamba neno "hatuna" mara nyingi linamaanisha "hatujaamua". Na kodi zikitafutwa zisitafutwe kwa njia ya tozo za miamala ya simu za Julai 2021, zilizomkata mama anayetumiwa elfu ishirini na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Serikali ililazimika kuzipunguza tozo hizo mwaka huo huo. Pesa ile ilikuwa hifadhi ya jamii ya familia, na ndiyo hiyo serikali iliyoitoza.

Dai ambalo linaniuma kulijibu, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kweli na kizuri, ni kwamba wazee wetu watunzwe na ukoo. Ni kweli koo za Singida zimelea yatima, zimekopeshana ng'ombe wa maziwa, zimezika watu wao bila kuiomba serikali jeneza. Lakini ukoo ni bima ya majanga yanayompata mmoja wakati wengine wamesimama. Nyumba ya mjomba ikiungua, shangazi ana uwele. Mvua zikikatika Februari, uwele wa shangazi umekauka siku ile ile na wa mjomba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo, Manyoni ikiwemo, karibu na mwaka 1919, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kunyang'anya nafaka na mifugo na kisha ukame ukafuata. Koo hazikukosa upendo mwaka ule. Zilikosa mtu aliyeko nje ya ukame. Mfuko unaochangiwa na Mtwara, Kagera na Dar es Salaam unaweza kumfikia mtu wa Manyoni mwaka ambao ukoo wake wote umelala njaa, na mwaka mwingine zamu ikageuka.

Hata pale ambapo hakuna ukame, kila mtu kwa chake haitoshi. Angalia kuku, mali ya kwanza ya kaya nyingi zinazopata ruzuku. Adui yao ni mdondo, unaoweza kufuta banda zima ndani ya wiki. Chanjo ipo na ni rahisi, tone moja kwenye jicho la kila kuku, kisha kurudiwa baada ya miezi michache. Ila chupa moja ina dozi za kutosha kuku zaidi ya mia, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake kwa busara yoyote. Akichanja wake na jirani asichanje, ugonjwa unabaki kijijini ukizunguka kwenye vifaranga wapya. Kinachotakiwa ni siku moja ya kijiji kizima, afisa mifugo, orodha, na mchango mdogo wa kila mwenye kuku, na asiye na shilingi siku hiyo achanjiwe vilevile. Wafanyabiashara wanaopakia matenga kwenda Dar es Salaam ndio wa kwanza kufaidika.

Mwisho liko dai la wasiostahili: mwenyekiti ameandika ndugu zake, kaya hewa zinalipwa, mjane wa kweli ameachwa. Hapa sina ubishi na wanaolalamika. Uhakiki uliofanywa na TASAF yenyewe uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili katika awamu ya kwanza. Njia ya kuwapata walengwa ni mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha dodoso la kupima hali ya kaya: paa, sakafu, mifugo, elimu. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu anaishi kwenye tembe na kula uwele, kumtofautisha wa 30 na wa 31 kwa umaskini ni kazi isiyo na haki ndani yake, hata ikifanywa na malaika. Aliyeachwa anajua kwamba jirani hamzidi shida, na chuki hukaa kwenye kisima kimoja miaka mingi.

Lakini wanaolalamika hutoa hitimisho baya, kwamba mpango ufutwe. Zanzibar imeonyesha njia nyingine: chagua kigezo ambacho hakuna mwenyekiti anayeweza kukipindisha. Umri ni kigezo kama hicho. Kijijini watu wanajua nani ni mzee, na anayetimiza 70 anapata, tajiri na maskini, tajiri akirudisha kwa kodi. Ikiwa kila mzee anapata, kila familia ina sababu ya kuulinda mpango, na hakuna bibi anayesimama mbele ya mkutano kuthibitisha kwamba yeye ni fukara.

Kasoro kubwa ya TASAF haitajwi na wanaoibeza. Mpango huu ni mradi, unaotegemea kwa sehemu kubwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za wafadhili, wenye awamu inayoanza na awamu inayoisha. Anayepokea ni "mlengwa". Malipo yakichelewa msimu wa palizi hana kifungu cha kwenda nacho mahali popote, wakati mstaafu wa PSSSF anacho. Upande wa afya tulishaanza kuvuka daraja hilo, kutoka mradi hadi haki. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ng'ambo tu ya mpaka wa Iramba, na Singida Vijijini ikawa kati ya wilaya za mwanzo kuufuata. Ukawa sheria mwaka 2001, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Ilichukua miaka 27 kutoka majaribio ya wilaya moja hadi haki iliyoandikwa kwa nchi nzima. Majaribio ya ruzuku ya Chamwino yalianza 2010. Pensheni ya wazee wa bara haihitaji majaribio mengine. Inahitaji muswada, umri uliotajwa, kiwango kilichotajwa, na fungu lake ndani ya bajeti ya serikali, ili mzee wa Mkalama asipolipwa mwezi wa pili aende kudai kama anavyodai mwalimu mstaafu wa mjini Singida.